Kuulizwa Mara ya Pili

Kauli ya thelathini na tatu: nne kushoto, nne kulia. Ya thelathini na nne: moja kushoto, moja kulia. Kamusi alikuwa amelaza fomu mbili sambamba mezani, rula imekatiza juu ya zote, akiishusha mstari mmoja mmoja na kuingiza tarakimu kwenye kompyuta kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Fomu ya kushoto mtu aliijaza mwezi uliopita. Ya kulia aliijaza wiki mbili baadaye, mtu yuleyule, namba hamsini na tano. Alipomaliza ukurasa wa tatu alifunua fomu ya kushoto, akakuta ukurasa wa nne mtupu. Hilo halikumshangaza, kwa sababu yeye mwenyewe aliandika pembeni kwa penseli siku ile: kurasa ziligandana, hakuuona. Akafunua ya kulia. Ukurasa wa nne nao ulikuwa mtupu.

Aliushika ukurasa huo kwa vidole viwili akausugua. Ulikuwa mkavu, umenyooka, umetoka mashineni hivi karibuni. Akaupepea kidogo hewani kama mtu anayepoza uji, kisha akauweka chini na kukaa akiutazama.

Kwenye kitambulisho alikuwa na jina jingine, lakini pale hospitalini hata wagonjwa walimwita Kamusi. Jina hilo lilianza kama utani wa wafagizi, maana alikuwa haachani na kamusi kubwa iliyopoteza jalada. Akienda kwapani nayo, akirudi kwapani nayo, kama mtu anayempeleka mtoto chanjo. Chuo hakukanyaga. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wa masjala ya kliniki ya afya ya akili, akifunga na kufungua mafaili, na mengine yote aliyoyajua aliyaokota humohumo, wakati wa mapumziko ya mchana, kwenye vitabu ambavyo madaktari walivisahau walipohama. Ndivyo alivyojifunza lugha ya kigeni kiasi cha kuitafsiri, na ndivyo alivyojifunza hesabu za kupima majibu ya watu, ukurasa kwa ukurasa, akirudia kila mfano mpaka umkubali.

Daktari alipokuja na lile dodoso la kuchunguza matatizo ya haiba, mtu wa kwanza kumwita alikuwa yeye. Lilikuwa na kauli sitini, na mtu anajijibia mwenyewe kila moja kwa namba, kuanzia moja, si kweli kabisa, hadi nne, kweli kabisa. Naogopa sana kuachwa na watu ninaowapenda. Mtu akinikosea nashindwa kusahau. Mara nyingi sijui mimi ni mtu wa namna gani. Kamusi alizitafsiri kwa miezi mitano. Mwalimu mmoja wa sekondari akazirudisha katika lugha ya kwanza bila kuona asili yake, wakalinganisha, wakabishana, wakapatana. Kisha ikabaki kazi ya kuthibitisha kwamba kitu kilichozaliwa kwingine kinapima sawasawa hapa pia. Mizani ikihamishwa kutoka duka moja kwenda jingine, alisema Daktari, usiuze kitu kabla hujaipandisha jiwe unalolijua uzito wake.

Mojawapo ya majaribio hayo lilikuwa kuwauliza watu walewale mara mbili. Haiba ya mtu haigeuki kwa wiki mbili, basi na majibu yake yasigeuke sana. Lakini Kamusi alikuwa amesoma, na akili yake ilimwambia hivyohivyo, kwamba lazima yatikisike kidogo. Binadamu si jiwe. Leo ameamka jino linamuuma, kesho amepokea simu ya mwanawe. Aliyesema tatu atasema mbili, aliyesema moja atasema mbili.

Haya hayakutikisika. Asubuhi hiyo Daktari alikuwa ameingia masjala na karatasi mkononi, akicheka peke yake. Alikuwa amepiga hesabu ya jinsi majibu ya mara mbili ya washiriki hamsini wa kwanza yanavyofanana, na kupata sifuri nukta tisa saba, karibu kabisa na moja, ambayo ndiyo kilele. Alisema Ijumaa ripoti inakwenda kwenye kamati ya hospitali, na kamati ikipitisha, mwezi ujao dodoso linaanza kutumika kliniki. Kisha akampigia Kamusi saluti kama askari na kuondoka.

Sasa ilikuwa Jumatano saa nne, na ukurasa mtupu ulikuwa mbele yake.

Kamusi hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kwenye fomu alizokwisha kuziingiza, akazipanga upya mbilimbili sakafuni kati ya makabati. Namba kumi na mbili mara ya kwanza aliandika "inategemea" kando ya kauli ya tisa. Mara ya pili aliandika "inategemea" kando ya kauli ya tisa. Namba arobaini na moja alikuwa ameweka alama mbili katika kauli ya ishirini na tatu, kwa bahati mbaya, na mara ya pili akaweka alama mbili palepale. Mtu anaweza kushikilia msimamo wake. Lakini kurasa hazigandani mara mbili, na mkono hautelezi mara mbili mahali pamoja.

Wazo la kwanza lililomjia alilichukia. Awamu ya pili yote ilisimamiwa na mtu mmoja, muuguzi mkongwe ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata Daktari. Je, Shangazi alizijaza mwenyewe nyumbani ili amalize? Shangazi huyohuyo aliyempokea Kamusi akiwa binti asiyejua faili linafunguliwa upande gani? Kamusi alichukua lenzi ya kusomea, akakagua miandiko. Kila mshiriki alikuwa na mwandiko wake. Wino wa kalamu ulitofautiana, wengine walikandamiza, wengine walipapasa. Watu walikuwa wamejaza wenyewe. Kamusi alishusha pumzi, na papo hapo akaona aibu kwa kuwa aliwaza hivyo.

Alikuwa na sababu ya kutaka nambari ile iwe ya kweli, sababu iliyokuwa na jina na karakana ya baiskeli. Miaka kumi na moja iliyopita mdogo wake wa kiume aligombana na bosi wake, akatupa vifaa uani, akajifungia chumbani siku nne. Familia ikamleta hapa. Daktari aliyekuwepo enzi hizo alimwona kwa dakika kumi, akaandika maneno mawili kwenye faili: haiba mbovu. Tangu siku hiyo, kijana akija hata kwa homa, aliyefungua faili aliyasoma maneno yale kabla ya kumtazama usoni. Mara ya mwisho muuguzi mmoja alimwambia, "Kumbe ndiwe wewe." Hakurudi tena. Ugumu aliokuwa nao haukwenda popote: hasira zake zilikuwa zilezile, marafiki walikuja na kuondoka, na kuna wiki alikuwa haongei na mtu. Alimwambia dada yake kwamba siku wakipata kitu cha kumuuliza yeye, badala ya kumwangalia tu, atakuja. Mwezi uliopita alikubali. Angekuwa miongoni mwa watu wa kwanza.

Mchana Kamusi alikwenda chumba namba sita. Shangazi alikuwa akimsubiri mtu wa mwisho wa awamu ya pili, fundi cherehani, namba sitini na mbili. Kamusi aliomba kukaa pembeni. Fundi alipofika na uzi umemng'ang'ania begani, aliulizwa kama ana kipingamizi, akasema yeye amezoea kutazamwa akifanya kazi. Shangazi akamkaribisha kiti, akamuulizia mgongo, akamuulizia wateja. Kisha akafungua droo, akatoa fomu mpya, na juu yake akaweka fomu ile ya kwanza.

"Hii ndiyo uliyosema siku ile, mwanangu," alimwambia kwa upole. "Iweke hapo karibu, usije ukajisahau."

Kamusi aliona mabega ya fundi yakishuka. Jamaa alivuta fomu ya zamani kushoto kwake, akaweka kidole kwenye kauli ya kwanza, na akaanza kunakili kwa uangalifu mkubwa, kama anayechukua vipimo vya suti ya harusi. Alimaliza kwa dakika saba. Aliwashukuru wote wawili.

Mlango ulipofungwa, Kamusi aliuliza kama wote walipewa fomu ya zamani. Shangazi alijibu bila kuficha chochote: wote, kasoro watano wa mwanzo. Na akasimulia ya hao watano, huku akikunja kitambaa cha meza kisichohitaji kukunjwa. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu. Alipofika kwenye kauli inayosema huwa nadanganya ili watu wanipende, aliweka kalamu chini, akasema kwamba katika miaka thelathini ya kufundisha hakuwahi kumuuliza mwanafunzi swali mara mbili isipokuwa alipokosa. Kwa hiyo mara ya kwanza alikosa? Shangazi akamwambia hapana. Mwalimu hakusadiki. Alianza upya ukurasa wa kwanza, akajibu si kweli kabisa kuanzia juu hadi chini, akainuka kama aliyefaulu. Wa nne, mama mmoja wa makamo, hakufika hata huko. Alisema kama hawakumwamini wangemwambia tangu siku ile, akachukua mkoba wake. Shangazi alimkuta nje ya geti akifuta macho.

"Mimi nimeuguza watu miaka thelathini na minne," Shangazi alisema. "Mtu mzima amekuja, amejivua nguo za moyoni, amekuambia anajichukia. Baada ya wiki mbili unamwita tena, unamuuliza: eti, hivi unajichukia? Huko si kumwambia ni mwongo? Nikaona bora nimwekee maneno yake mbele, asihangaike. Nilimstiri."

"Ulimstiri, Shangazi. Lakini sisi tulikuwa tunataka kuona atakavyosema bila kujistiri."

"Kutaka kuona nini? Nani aliniambia?"

Kamusi aliukumbuka mwongozo wa wasimamizi. Aliuandika yeye, kwa fahari, kurasa nane zenye jedwali. Kuhusu awamu ya pili aliandika sentensi moja: mpe mshiriki dodoso kwa mara ya pili. Kwa nini apewe, na aambiwe nini akiuliza, hakuandika, kwa sababu kwake jambo hilo lilikuwa wazi kama jua. Alikuwa amelisoma vitabuni mara nyingi mno kiasi cha kusahau kwamba vitabu hivyo havikuwa na mtu mwingine hapo kliniki anayevisoma.

"Hakuna aliyekuambia," alisema. "Mimi ndiye niliyetakiwa kukuambia."

Shangazi akauliza kwa sauti ndogo kama ameharibu kitu kikubwa. Kamusi akasema ndiyo, kikubwa kidogo. Wakabaki wawili hao na kitambaa cha meza kilichokunjwa mara nne.

Saa kumi na moja Kamusi alipita kwa mdogo wake. Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, paa la mabati, ukuta mmoja umejaa spana zilizopangwa kwa ukubwa, kila moja na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi ili ijulikane ikikosekana. Mdogo mtu alikuwa ametundika gurudumu kwenye uma, akilizungusha na kukaza njiti moja moja. Hakusimama. Alisogeza ndoo kwa mguu, ndiyo ikawa kiti cha dada yake.

"Umekuja na sura ya kuomba radhi," alimwambia. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mambo ya mwezi ujao."

Akamweleza. Hakuwa amepanga kumweleza yote. Njiani alikuwa bado hajajua kama atamwambia hata Daktari. Maana angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine angezipanga zile fomu mbilimbili sakafuni. Nambari ilikuwa imetoka, kamati ingefurahi, Shangazi angestaafu kwa heshima mwakani, na tarehe mosi mdogo wake angeketi mbele ya Daktari muungwana na kujibu kauli sitini alizozitafsiri dada yake kwa mikono yake. Akisema, kila kitu kingesubiri kikao kingine, na kamati ilikuwa inakaa mara moja kila miezi mitatu. Na mdogo wake alikuwa mtu wa kukubali jambo mara moja. Likichacha, lilichacha moja kwa moja.

Mdogo mtu alisikiliza akizungusha gurudumu. Dada alipomaliza, alilizuia kwa kidole.

"Ngoja. Muda wote huu, iliyokuwa inapimwa ni karatasi?"

"Karatasi."

"Siyo watu."

"Siyo watu. Ila watu walidhani ni wao."

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kifupi, cha puani. "Basi ndiyo maana. Hata mimi ningenakili. Mtu akikuuliza mara mbili, ujue ameshaamua." Akachukua kitambaa, akajifuta grisi kati ya vidole. "Mngewaambia tu. Mteja akirudisha baiskeli niikague tena, haogopi. Anajua nakagua baiskeli. Tena yeye ndiye ananionyesha: sikiliza hapa, inalia."

Kamusi akasema si rahisi hivyo. Mdogo wake akasema hakusema ni rahisi. Kisha akarudia kuzungusha gurudumu, na safari hii aliongea bila kumtazama.

"Ukinyamaza, mwezi ujao nitajaza?"

"Utajaza."

"Na mtanipa nambari."

"Daktari atakupa nambari, na atakueleza maana yake."

"Nambari iliyopimwa na watu walionakili." Gurudumu lilipita, lilipita, likayumba kidogo kila lilipofika mahali pamoja. "Dada, yale maneno mawili nimeyabeba miaka kumi na moja. Maneno unaweza kubishana nayo. Huyo aliyeyaandika alikuwa mtu, alikuwa na haraka, labda alikuwa na njaa. Nambari nitabishana nayo vipi?"

Kamusi alimuuliza kama atasubiri, ikibidi kusubiri. Mdogo mtu akamwambia amshikie uma wa baiskeli upande ule, unatikisika. Akaushika. Walikaa hivyo mpaka gurudumu likanyooka, na swali lake halikujibiwa, naye hakulirudia.

Alhamisi asubuhi alimwomba Shangazi waende wote, akiwa amejiandaa kubeba maneno mwenyewe. Lakini walipoingia tu, kabla hata Daktari hajawakaribisha viti, Shangazi alimtangulia.

"Mficha uchi hazai, Daktari. Zile fomu za mara ya pili, watu walinakili. Niliwapa mimi."

Daktari alikuwa mtu mrefu, kijana bado, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila alipotaka muda wa kufikiri. Aliipangusa sana. Aliuliza ni fomu ngapi. Aliuliza kama wale watano wa mwanzo wangetosha, na kabla hajajibiwa akatikisa kichwa mwenyewe. Mmoja kati yao aliondoka, na mwingine alijibu kwa hasira. Kamusi alimwekea mezani zile jozi tatu, ya ukurasa mtupu, ya "inategemea" na ya alama mbili. Akasema pia kuhusu mwongozo, kwamba ile sentensi moja ilikuwa yake.

Daktari alizipitia jozi hizo moja baada ya nyingine. Alikiri kwamba aliiona nambari ni nzuri kupita kiasi, na kwamba alijiambia labda tafsiri ilikuwa nzuri kupita kiasi. Hakumgombeza mtu. Lakini Kamusi aliona jinsi alivyoichukua ile karatasi ya sifuri nukta tisa saba na kuiweka chini ya nyingine zote, na akajua kwamba ilimuuma. Alikuwa ameshawaambia wenzake wa hospitali nyingine.

Kisha wakaingia kazini, maana kukaa na kusikitika hakukuwa na mwisho. Yaliyonakiliwa hayahesabiki, hayo yalikwisha. Majibu ya awamu ya kwanza yalikuwa halali bado. Wangewaita watu wote tena, mara moja tu, wangeandika kwamba zimepita wiki nyingi kuliko ilivyopangwa, na wangeandika kwa nini. Daktari angeiomba kamati iwasogeze kwenye kikao kinachofuata. Miezi mitatu. Kamusi aliisikia miezi hiyo mitatu mmoja mmoja.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko hesabu: mtu aambiwe nini, ili kuulizwa tena kusimdhalilishe? Daktari alipendekeza maneno yaliyojaa uthabiti na tathmini. Shangazi akasema akimsomea mtu hivyo, atadhani anasomewa hukumu. Kamusi akasema, taratibu, kama anayejaribu kiti kisichojulikana uimara wake, kwamba kuna fundi mmoja wa baiskeli aliyesema watu waambiwe ukweli wenyewe: kinachokaguliwa ni karatasi, na wao ndio wakaguzi.

Shangazi akaanza kulisema kwa sauti, kama anavyomwambia mgonjwa. "Mwanangu, karatasi hii ni ngeni hapa kwetu. Hatujui kama inajua kuuliza. Siku ile ulitusaidia kuijaribu. Leo tunaomba utujaribie tena. Majibu yako ya siku ile yako salama, nami sitayatoa, kwa sababu nikiyatoa tutakuwa tumeisaidia karatasi kudanganya. Ukiona leo unajibu tofauti, ni sawa. Ukiona unajibu vilevile, ni sawa. Na ukiona swali limekaa vibaya, tuambie."

Daktari alimwomba arudie polepole. Kamusi aliandika, neno kwa neno, na akaongeza jambo moja tu, kwamba hakuna jibu la kufaulu. Walibishana kama "kudanganya" libaki. Lilibaki.

Walianza na fundi cherehani, kwa kuwa duka lake lilikuwa mtaa wa pili na hasira zake, kama alivyosema Shangazi, kama zipo zitakuwa bado mbichi. Hakuwa na hasira. Alisikiliza, akauliza kama safari hii ni kweli hapewi ile ya zamani, akakuna shingo. Kisha akajaza, kwa dakika ishirini na mbili. Aliwahi kusimama katikati akatazama dirishani kwa muda. Alipoondoka, Kamusi alitoa fomu yake ya kwanza akaziweka sambamba. Tatu na tatu. Mbili na tatu. Moja na moja. Nne na tatu. Kauli ya arobaini alikuwa ameandika pembeni kwa herufi ndogo: hili mlitengenezee maneno mengine, mtu anaogopa kulijibu. Kamusi alilisoma mara mbili. Alikuwa amefurahi, na alikuwa na kazi mpya.

Alasiri walikaa na simu ya mezani na daftari la majina, ambalo lilitolewa kwenye droo yake yenye kufuli na lilipaswa kurudi humo kabla ya saa kumi na moja. Shangazi alipiga, Kamusi aliandika. Mama wa makamo, yule aliyetoka akilia, alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiria. Kijana mmoja alikubali. Mmoja alikata simu. Mmoja hakupatikana. Muuza magazeti alikubali, akauliza kama anaweza kumleta na mkewe, kwa sababu mkewe ndiye anayemjua vizuri zaidi; Shangazi akamwambia aje peke yake kwanza, mke tutamsikiliza siku ya mke.

Mwalimu mstaafu alitaka kujua kama ni kweli karatasi ndiyo inayosahihishwa. Shangazi akamhakikishia. Upande wa pili ulisikika mlio wa kiti cha mtu anayejinyoosha.

"Basi nitakuja Jumatatu," alisema. "Na kalamu yangu nyekundu."

Shangazi aliweka simu chini akicheka mpaka akashika mbavu. Kamusi aliandika: Jumatatu, saa tatu, kalamu nyekundu.

Dakika chache baadaye simu yake ya mkononi ilitetemeka mezani. Alikuwa mdogo wake. Huwa hapigi saa za kazi. Huwa hapigi kabisa. Kamusi alisogea dirishani. Mdogo mtu hakusalimia.

"Mmefika wangapi?"

"Mmoja amejaza. Sita tumewapigia."

"Kati ya?"

"Sitini na wawili."

Alisikia mlio wa chuma kikiwekwa juu ya chuma, na mtu mwingine akiuliza bei ya tairi. "Haya," mdogo wake alisema, na akakata.

Kamusi alirudi kwenye meza. Shangazi alikuwa ameshajaribu namba ya saba; ilikuwa inatumika. Saa ya ukutani ilisema dakika tano kabla ya saa kumi na moja, na daftari lilikuwa na haki ya kurudi kwenye droo yake. Wakakubaliana huyo wa saba wampigie kesho saa mbili na nusu, kabla hajaingia kazini, kisha waendelee mpaka wa ishirini kama sauti ya Shangazi itavumilia. Na kauli ya arobaini ilikuwa bado mezani, na kando yake kamusi isiyo na jalada, imefunguliwa, kwa sababu Kamusi alikuwa amejaribu maneno mengine matatu na hakuna lililokaa.